Sumu ya bakteria inayoua saratani: mama mdogo aikoroge kwenye uji au aende Ocean Road?

"Shikamoo daktari. Mama yangu mdogo ana miaka 47, anaishi Mtama. Alikuwa akitokwa damu kila baada ya kukutana na mumewe, tukadhani ni mambo ya kukoma hedhi. Mwezi uliopita alipelekwa Mtwara, wakamchukua kinyama cha kupima, majibu yakasema saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya 2B. Ameandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na tarehe yake ni wiki tatu zijazo. Sasa mjomba amesoma kwenye simu kwamba Wajapani wamegundua sumu ya bakteria inayoua seli za saratani tu na kuziacha zile nzima. Kuna mtu Lindi mjini anauza kopo la unga anaosema ndiyo hiyo protini, shilingi 480,000, unakorogwa kwenye uji asubuhi na jioni. Amesema mgonjwa asiende kwenye mionzi kwa sababu mionzi inaiua dawa. Mjomba anasema hata tukishindwa bei hiyo, bakteria huyo huyo anauzwa duka la pembejeo kwa ajili ya viwavi. Hela ya korosho tuliyobaki nayo inatosha jambo moja: nauli na kukaa Dar, au kopo. Je, hiyo sumu ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, mbona hospitali hawaitumii?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Nianze na la pesa, maana najua hela ya korosho haikai: iwe ya nauli. Mama mdogo aende Ocean Road tarehe ile ile aliyopangiwa, kopo libaki kwa mwenye kopo, na dawa ya viwavi ibaki duka la pembejeo. Hilo likishakubalika, tukae tuzungumze, kwa sababu mjomba hakuokota uvumi barabarani. Alichosoma kipo, kimeandikwa na watafiti wa kweli, na nikimjibu kwa kusema tu "achaneni na mambo ya simu" nitakuwa sijamtendea haki, wala sitakuwa nimemzuia kwenda kulipa.

Bakteria anayezungumziwa anaitwa Bacillus thuringiensis. Anaishi kwenye udongo, sehemu nyingi za dunia. Mjapani Shigetane Ishiwata alimkuta mwaka 1901 akiwaua viwavi wa hariri, na miaka 10 baadaye Mjerumani Ernst Berliner akampata kwa viwavi wa nondo wa unga waliotoka jimbo la Thuringia, ndiko lilikotoka jina. Bakteria huyu akiishiwa chakula hujifunga kuwa mbegu ngumu inayoweza kungoja muda mrefu, na pembeni ya mbegu hiyo hutengeneza fuwele ya protini. Kiwavi akila jani lenye fuwele hizo, zinayeyuka tumboni mwake, kwa kuwa tumbo la kiwavi lina hali ya magadi, tofauti na la kwetu lenye ukali kama wa ndimu. Vimeng'enya vyake vinaikata ile protini, na ikishakatwa ndipo inapokuwa kali: inanasa kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Kiwavi anaacha kula, anakufa. Aina nyingine ya bakteria huyo huyo ndiyo inayotumika kwenye dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu inayotengenezwa kiwandani Kibaha. Mpaka hapo hakuna saratani.

Saratani iliingia kwa swali la watafiti wa kisiwa cha Kyushu, Japani, akina Eiichi Mizuki na Michio Ohba. Walikuwa wameona kwamba aina nyingi za bakteria huyu zinatengeneza fuwele ambazo haziui mdudu yeyote wanayemjaribu. Basi zina kazi gani? Wakachukua aina 1,744 na kuzijaribu kwenye seli za saratani ya damu ya binadamu zinazokuzwa maabara, huku wakiziweka kando zile zinazopasua chembe nyekundu za damu, maana sumu inayopasua damu haina maana kuwa dawa. Matokeo waliyachapisha mwaka 1999. Aina 42 ziliua seli za saratani bila kupasua damu, na miongoni mwake zilikuwamo zilizoziua seli za saratani na kuziacha seli nyeupe nzima za jamii ile ile. Protini hizi baadaye zikapewa jina la parasporini.

Mjomba akifika hapa atasema, si niliwaambia? Namwomba arudie kusoma namba. Ni 42 tu katika aina 1,744. Na zile tatu walizozichagua na kuzichunguza kwa karibu hazikuua nzi, mbu wala viwavi waliowajaribu. Sasa dawa ya duka la pembejeo imechaguliwa kwa sababu moja, kwamba inaua viwavi. Kufanana jina la bakteria hakutoshi. Sisi wa Kusini tuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Mmea ni mmoja, jani ni lile lile, lakini hakuna mama wa Mtama atakayemtafunisha mtoto muhogo mchungu mbichi eti kwa kuwa wa jirani ulikuwa mtamu. Isitoshe, kiuatilifu kina vitu vingine vilivyochanganywa ili kishike kwenye jani au kisiharibike, na vitu hivyo havikupimwa kwa ajili ya tumbo la mgonjwa.

Tuje kwenye neno lililomvutia zaidi: inachagua. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe na ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nivumilie nieleze taratibu.

Sumu haijui saratani ni nini. Haina macho. Inachojua ni umbo. Juu ya kila seli kuna maelfu ya protini zilizojitokeza nje, tunaziita vipokezi, na kila kimoja kina umbo lake. Sumu nayo ina umbo. Ikikutana na kipokezi kinachoingiana nayo, inanasa. Isipokutana nacho, inapita. Parasporini ya pili, ambayo imechunguzwa sana, hunasa kwenye protini fulani zilizopachikwa juu ya ngozi ya seli kwa mkia wa mafuta. Ikishanasa, vipande vyake kadhaa vinasogeleana na kujipanga duara, kama mbao za pipa, halafu duara hilo linazama ndani ya ngozi ya seli na kuacha tundu katikati. Kinachofuata ni kama mtumbwi uliotobolewa chini: vya nje vinaingia, vya ndani vinatoka, seli inavimba na kupasuka. Parasporini ya kwanza haina pupa hiyo. Inasababisha madini ya kalsiamu yaingie kwa wingi ndani ya seli, na seli yenyewe inaanza mpango wake wa kujiua, mpango ambao kila seli ya mwili imezaliwa nao.

Kwa hiyo uteuzi wote umo kwenye kipokezi. Kama seli ya saratani inacho kwa wingi na jirani yake mzima hana, sumu itaonekana kuwa na hekima. Tatizo ni kwamba saratani haitoki nje ya mwili. Ni seli zako mwenyewe zilizoacha kutii, na vipokezi vyake vingi ni vile vile ulivyonavyo kwenye ini, figo na mishipa. Zile protini zenye mkia wa mafuta nilizozitaja zipo pia kwenye seli nzima. Watafiti wenyewe hawakuficha hilo, wala hawakusema wamepata dawa. Walisema wamepata protini zinazoua baadhi ya seli, kwa viwango tofauti, ndani ya maabara.

Nikupe mfano unaomhusu mama mdogo moja kwa moja. Kuna seli zinaitwa HeLa, zinazotumika maabara dunia nzima. Zilitoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, aliyetibiwa Baltimore mwaka 1951 na kufariki mwaka huo huo. Zilichukuliwa bila kuombwa ridhaa yake, na jambo hilo hunisikitisha kila ninapozitaja. Parasporini ya kwanza huziua seli za HeLa vizuri. Parasporini ya pili, ambayo ni kali sana kwa seli za saratani ya ini, hizo HeLa inazigusa kidogo mno. Unaona? Hata ndani ya maabara, ambako kila kitu kimerahisishwa, jibu linategemea ni parasporini ipi na saratani ipi. Mtu anayeuza kopo moja kwa saratani zote hakulisoma hata andiko analolitajia jina.

Halafu kuna umbali kati ya sahani na mtu. Kwenye sahani ya maabara, seli zimelala tabaka moja, na sumu inamiminwa juu yake. Hakuna tumbo la kuisaga, hakuna ini la kuivunja, hakuna figo za kuitoa, hakuna kinga ya mwili ya kuikamata njiani. Uvimbe wa mama mdogo ni kinyama kigumu chenye mamilioni kwa mamilioni ya seli, zilizofungwa pamoja, na zilizo katikati hazifikiwi vizuri hata na damu. Vitu vingi sana vinaua seli za saratani kwenye sahani. Siki inaua. Sabuni inaua. Kazi ngumu ni kuua zile na kumwacha mwenye mwili akiwa mzima.

Sasa lile la uji. Protini unayoila inasagwa. Tumbo haliwezi kutofautisha protini ya dawa na protini ya samaki nguru. Ikifika, asidi inaifumua na vimeng'enya vinaikatakata mpaka vipande vidogo kabisa ambavyo mwili unavitumia kujenga nyama na damu. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari anajichoma sindano ya insulini kila siku ingawa hakuna anayeipenda sindano. Insulini ni protini, angeinywa ingeishia kuwa chakula. Moto nao unaiharibu protini: tazama yai, likishachemka halirudi tena kuwa bichi, hata ulipoze vipi. Unga wa kwenye kopo, uliokaa dukani katika joto la Lindi, ukakorogwa kwenye uji wa moto, ukapita tumboni, hata kama ungekuwa na parasporini safi siku ulipofungwa, usingefika kwenye mlango wa kizazi.

Lakini nisiseme nusu. Zipo sumu chache za bakteria zinazohimili tumbo, na miongoni mwake zimo zinazoua watu. Ile ya chakula cha kopo kilichoharibika inapooza misuli hadi ya kupumulia. Kwa hiyo kama yule bwana angenithibitishia kwamba unga wake unastahimili uji wa moto, unapita tumboni salama na kuingia kwenye damu ukiwa bado mkali, ningeuogopa zaidi ya ninavyouogopa sasa.

Swali lako la mwisho ndilo bora kuliko yote: kama ni kweli, mbona hospitali hawaitumii? Jibu ni kwamba sumu za bakteria zimeshatumika kutibu saratani, na kila kitu kimeandikwa wazi, pamoja na kushindwa kwake.

Iliyotangulia ni sumu ya dondakoo. Ukiangalia kadi ya kliniki ya mtoto wako utaona chanjo yake, ile sindano ya pajani ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, iliyochanganywa na ya pepopunda na kifaduro. Sumu ya dondakoo haitoboi seli. Inaingia ndani, inaharibu kifaa kimoja ambacho seli inakihitaji ili kutengeneza protini, na kwa kuwa haichoki, chembe moja yake inakwenda kuharibu kifaa baada ya kifaa. Mwaka 1978 watafiti wa Japani walionyesha kwamba chembe moja tu ya sehemu yake kali, ikiingizwa ndani ya seli, inatosha kuiua. Wanasayansi wakaona: tuikate ile sehemu inayotafuta seli, tuiunganishe na kitu kinachonasa kwenye kipokezi tunachokitaka sisi. Yaani kama bakteria hakuchagua vizuri, tuchague kwa niaba yake. Dawa ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa saratani ya chembe nyeupe inayoanzia kwenye ngozi. Mwaka 2018 zikaidhinishwa mbili nyingine, moja ya sumu ya dondakoo tena na moja ya sumu ya bakteria Pseudomonas, zote kwa saratani za damu zisizo za kawaida. Hiyo ya Pseudomonas mwenye nayo aliacha kuiuza Marekani mwaka 2023.

Ona kwamba zote ni za saratani za chembe za damu. Huko seli mbaya zinaelea au zimekaa mahali damu inapozifikia. Kwenye uvimbe mgumu, chembe kubwa kama hizo hupenya kwa shida. Na kabla hazijapenya, mwili unazitambua kuwa ni za bakteria, unatengeneza kinga dhidi yake, dozi zinazofuata zinanaswa njiani. Kwa sumu ya dondakoo watu wengi wana kinga tayari, kwa sababu ya ile ile sindano ya pajani. Halafu kuna madhara yanayotisha: mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja, maji yanahamia kwenye tishu na mapafu, presha inashuka. Dawa hizi hutolewa kwa dripu, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi, akipimwa uzito na presha na damu. Wazo la kuzikoroga nyumbani halipo popote. Na parasporini yenyewe, hadi ninapoandika, haijaidhinishwa kuwa dawa ya binadamu nchi yoyote. Kwa hiyo aliye na kopo Lindi hawezi kuwa na dawa ambayo Japani kwenyewe haipo hospitalini.

Wala hospitali haina uadui na bakteria. Watoto wenye saratani ya damu wanatibiwa kwa protini inayotolewa kwenye bakteria wa utumboni, E. koli, inaitwa asparajinesi, nayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Naipenda kuieleza kwa sababu haimpigi mtu yeyote ngumi: inakula kirutubisho kimoja kwenye damu, seli nzima zinajitengenezea chao, seli nyingi za saratani hiyo hazijui kukitengeneza, zinakufa njaa. Ile chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu begani, BCG, nayo huingizwa kwenye kibofu kutibu saratani ya kibofu ambayo haijazama kwenye msuli; pale bakteria hai dhaifu wanaiamsha kinga ije ifanye kazi mahali hapo. Naitaja pia kwa kuwa pwani yetu ina kichocho kingi, na kichocho cha miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Ile ya kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, ambayo BCG si tiba yake. Ndugu yeyote anayekojoa damu apimwe sasa, asingoje.

Nirudi kwa mama mdogo. Hatua ya 2B maana yake saratani imetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia kwenye tishu za pembeni yake, lakini haijafika kwenye ukuta wa nyonga. Kwa hatua hiyo kawaida hatupasui. Tunatibu kwa mionzi pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, na tunatibu kwa nia ya kuponya. Sentensi hiyo naomba umsomee mama mdogo kwa sauti, kwa sababu wagonjwa wengi wakisikia "Ocean Road" wanadhani wamepelekwa kufa. Siwezi kuahidi kwamba atapona, hakuna daktari mkweli atakayeahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba wapo wanawake wengi waliotibiwa katika hatua hii na wanaendelea kulima na kulea wajukuu, na sijamwona hata mmoja aliyeponywa na unga wa kopo.

Mionzi ya nje hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kama tano. Analala mezani dakika chache, hasikii maumivu, haoni kitu. Mara moja kwa wiki anawekewa dripu ya kemo, sisiplatini, inayoifanya mionzi iwe kali zaidi kwa uvimbe. Baadaye inafuata mionzi ya ndani, ambapo kifaa kinaingizwa kupitia ukeni ili mionzi ifike pale pale kwenye mlango wa kizazi. Hii ya ndani wengi huiogopa na wengine hutoroka wakidhani ya nje imetosha. Haitoshi. Ya ndani ndiyo inayoupa uvimbe kipimo kikubwa bila kuunguza utumbo na kibofu. Tiba yote tunataka iishe ndani ya wiki nane hivi, maana ikikatwakatwa, seli zilizobaki zinapata nafasi ya kuota tena.

Madhara yapo, na ni haki yake kuyajua kabla. Atachoka. Ataharisha, mkojo unaweza kumwasha, kemo itamtia kichefuchefu. Hedhi itakoma kabisa. Uke unaweza kusinyaa na kukauka, na hilo linahusu ndoa yake, kwa hiyo aulize bila aibu. Wauguzi wa kule wamezoea na wanajua la kumwelekeza. Nywele za kichwani hazitoki kwa mionzi ya nyonga. Wala hatakuwa na mionzi mwilini ya kuwadhuru watoto akirudi kwake.

Sasa unaelewa kwa nini kauli ya muuzaji kwamba asiende kwenye mionzi ndiyo iliyonitia hofu kuliko unga wenyewe. Unga huenda ni wanga tu, sijui kilichomo na siwezi kukijua kwa kuangalia kopo. Lakini miezi miwili ya kungoja unga ufanye kazi inaweza kumtoa 2B na kumpeleka 3B, ambapo uvimbe unabana mirija ya mkojo na figo zinaanza kufa. Niliwahi kumpokea mama aliyekuja na rufaa ya mwaka uliopita ikiwa imekunjwa vizuri kwenye kanga. Katikati alikuwa akinywa dawa ya kununua. Alipofika, kilichobaki kwetu kilikuwa kumwondolea maumivu.

Kama ameshaanza kuinywa, msimfiche daktari na msimkaripie. Aache, na kopo lenyewe mwende nalo hospitali. Dawa zisizojulikana zinaweza kuumiza ini na figo, na sisiplatini inazihitaji figo zikiwa nzima, kwa hiyo waganga wa Ocean Road lazima wajue. Dawa yoyote inayouzwa kihalali nchini inapaswa kuwa imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba; mkiwapelekea taarifa ya kopo hilo mtakuwa mmemsaidia mgonjwa mwingine ambaye bado hajalipa.

Wiki hizi tatu si za kukaa bure. Aende hospitali iliyo karibu, Nyangao au Sokoine Lindi, apimwe wingi wa damu, figo na VVU kama havijapimwa. Upungufu wa damu unapunguza nguvu ya mionzi, ni vizuri urekebishwe mapema. Kama ana VVU anatibiwa saratani vile vile, ila dawa za kufubaza zianze au ziendelee bila kukatika. Suala la gharama muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyompa rufaa kabla ya kusafiri, naye aandike barua mapema. Tafuteni ndugu wa kumpokea Dar, kwa sababu wengi hutibiwa wakitokea nyumbani. Na msafiri siku mbili tatu kabla ya tarehe. Mnajua barabara ya Somanga wakati wa mvua.

Yapo mambo ambayo hayangoji tarehe. Akitokwa damu nyingi kiasi cha kulowesha pedi ndani ya saa moja, au akatoa mabonge na kuhisi kizunguzungu, apelekwe hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo mkojo ukipungua sana au kukata, mguu mmoja ukivimba na kuuma, mkojo au kinyesi kikianza kupitia ukeni, au homa kali yenye kutetemeka. Na maumivu asiyavumilie kama adhabu. Dawa ya maji ya mofini ipo kwa ajili ya wagonjwa kama yeye. Ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo chake haimfanyi mtu kuwa mlevi wala haimharakishii kifo.

Nawe mwanangu, pamoja na dada zako: saratani hii haikurithiwa, imeletwa na kirusi kinachoitwa HPV ambacho watu wengi wanaowahi kujamiiana hukipata wakati fulani. Kwa hiyo msimtafute wa kumlaumu, si yeye wala mumewe. Aliyefikisha miaka 30 aende kituo cha afya apakwe siki kwenye mlango wa kizazi, dakika chache tu, dalili za awali zionekane na kutibiwa kabla hazijawa saratani. Ukiwa na VVU, anza mapema zaidi. Mabinti wenu wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo.

Siku ya safari mwende na karatasi ya rufaa, majibu ya kinyama kwa maandishi, picha za utrasaundi kama zipo, vipimo vya damu, na dawa zote anazotumia. Naomba mjomba awe miongoni mwa watakaomsindikiza. Maswali aliyoyaanza kwenye simu ni ya maana, na ningependa ayaulize mbele ya daktari wa mionzi, mama mdogo akiwa amekaa pembeni yake anasikia.